Tulifuata Njia ya Wapagazi Hadi Pangani

Kwetu Nzega bahari iko mbali. Msichana anaweza kukua, akaolewa, akapata wajukuu bila kuiona kwa macho yake, na maji mengi kuliko yote anayoyajua yakawa ya bwawa wakati wa masika. Hata hivyo neno pwani si geni katika nyumba zetu. Tangu enzi za mababu, pwani ndiko walikokwenda wanaume. Wengine walirudi na nguo, shanga na hadithi nyingi. Wengine hawakurudi, na walioachwa nyumbani hawakuambiwa sababu.

Wasafiri wa karne ya 19 waliopita Unyamwezi waliandika kwamba kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado hajawa mtu mzima wa kuoa. Kwa hiyo alijitwisha mzigo wa frasila mbili, yaani karibu kilo 32, au pembe ya ndovu begani, akatembea. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ilikuwa safari ya miezi miwili na nusu hadi mitatu. Henry Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Tabora mwezi wa Juni.

Jambo ambalo mara nyingi husahaulika ni kwamba wanawake nao waliitembea njia hiyo. Wake wa wapagazi walibeba vyungu, unga na mikeka, na watoto mgongoni. Jioni, wanaume walipokwisha kutua mizigo, wao ndio waliotafuta maji na kuni. Katika msafara wa David Livingstone alikuwamo Halima, mpishi wake, ambaye yeye mwenyewe alimsifu sana katika shajara yake. Mama msomaji, ukisikia habari za misafara ya zamani, usiwaone wanaume peke yao. Mwone na huyo mwenye sufuria.

Julai 2019 tuliamua kuifuata njia hiyo kwa gari hadi baharini, kisha kuendelea na ule mwambao usio na wageni wengi, kutoka Saadani hadi Pangani na Tanga. Tulikuwa akina mama sita wa kikundi cha kanisa, wawili kati yetu wauguzi, na bwana wa mmoja wetu ndiye aliyeendesha. Tulikuwa tumeweka akiba kidogo kidogo kwa miaka miwili.

Safari hii ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tulitaka kuona. Ya pili ni mzee wetu wa kikundi, ambaye hapa tutamwita Mayu kama tunavyowaita mama zetu nyumbani. Alikuwa na miaka 69. Mwaka 1956, yeye akiwa na miaka sita, baba yake alikwenda kukata mkonge Tanga. Alituma fedha mara mbili, kisha kimya. Mama yake Mayu alifariki akisema mumewe aliwatupa. Mayu alitaka kufika huko mara moja kabla nguvu hazijamwishia, hata kama hapatakuwa na kitu cha kuona.

Siku mbili badala ya miezi mitatu

Tuliondoka alfajiri tukiwa na michembe, karanga za kukaanga na chupa tatu za asali. Kutoka Nzega barabara ni ya lami hadi Igunga, kisha mbuga za Wembere, halafu gari linapanda Sekenke polepole nyuma ya malori, ndipo Singida. Mchana tulikuwa tumekwisha kuingia Ugogo.

Hapa ndipo wapagazi walipoogopa zaidi. Kati ya Unyamwezi na Ugogo palikuwa na pori walilolipa jina la Mgunda Mkali, lenye maji haba. Wakishavuka hapo, watemi wa Ugogo waliwadai ushuru wa kupita ulioitwa hongo. Neno hilo tumebaki nalo hadi leo, ingawa sasa lina maana mbaya zaidi. Sisi tulinunua zabibu Dodoma, tukalala, tukaendelea.

Siku ya pili tulipita Morogoro na Chalinze, tukageuka kaskazini hadi Msata, na kutoka hapo ni kilomita 64 tu za lami hadi Bagamoyo. Kwa jumla tulikuwa tumekwenda karibu kilomita 900. Mayu alishuka garini, akanyoosha miguu, akasema, "Kumbe ndiyo hii tu?" Tulicheka, lakini tulielewa. Nyumbani pwani ilikuwa imetajwa kama mahali pasipo na njia ya kurudi. Kumbe ni siku mbili.

Bagamoyo, mwisho wa mzigo

Wenyeji husimulia maana ya jina la Bagamoyo kwa namna mbili. Wengine husema ni mahali pa kubwaga moyo kwa furaha, kwa sababu mpagazi ametua mzigo. Wengine husema ni mahali pa kuuacha moyo, kwa sababu mtumwa alijua kwamba akishapanda jahazi hataiona tena nchi yake. Yawezekana njia moja ilikuwa na maana zote mbili, kutegemea ni nani aliyetembea na kama shingo yake ilikuwa na mnyororo.

Tulikwenda kwenye misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako watumwa waliokombolewa walipewa makao. Mwili wa Livingstone ulipitishwa hapo Februari 1874, baada ya watu wake kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, wakipitia kwetu Tabora. Nje upo mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kinachochomoza katika gome. Mwongoza wageni alitueleza kwamba mama mmoja aliyeitwa Madame Chevalier, aliyekuwa akitibu wagonjwa, alifunga mnyororo huo ili amfungie punda wake. Mti ukakua, ukaumeza.

Jambo jingine liliwagusa wale wauguzi wetu wawili. Aliyesomea Dar es Salaam aliifahamu vema wodi ya Sewahaji katika hospitali ya Muhimbili, lakini hakujua jina limetoka wapi. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyeishi Bagamoyo na kutajirika kwa kuipatia misafara bidhaa na wapagazi. Kabla hajafa mwaka 1897 alitoa mali kwa ajili ya shule na hospitali, bila kubagua rangi wala dini. Sehemu ya utajiri ule ilitoka katika migongo ya watu wa kwetu, na sehemu yake ikarudi kama vitanda vya wagonjwa. Tulilitafakari jambo hilo usiku mzima.

Saadani, tembo na chumvi

Kutoka Bagamoyo dereva wetu alirudi Msata, akavuka mto Wami kwenye daraja, kisha kijijini Mandera akaiacha lami na kuelekea mashariki kupitia Miono. Wakati ule daraja lilikuwa bado lile la zamani, jembamba, ambalo magari hupishana kwa kungojeana. Sasa lipo jipya. Kutoka Mandera hadi Saadani ni kilomita 60 hivi, na vumbi lake ni jekundu kama la kwetu.

Saadani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, nayo inasifika kwa kuwa nyika na bahari vinakutana humo. Tulilipa kiingilio getini, na kabla ya saa moja kupita twiga watano walikuwa wamesimama mbele yetu, na nyuma yao mstari wa buluu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wanne kati yetu kuiona bahari ikiwa haina mji pembeni yake. Mama mmoja alivua viatu akiwa bado garini.

Kijiji chenyewe ni kidogo. Kuna wavuvi, kuna mashamba ya chumvi, ambako maji ya bahari huachwa yakauke juani, na kuna mabaki ya majengo ya Wajerumani. Ni vigumu kuamini kwamba hapa palikuwa bandari iliyoshindana na Bagamoyo. Misafara ya Wanyamwezi ilishukia hapa pia, na wamisionari Waingereza wa miaka ya 1870 walianzia hapa kuelekea Mpwapwa na bara. Mtawala wa Saadani, Bwana Heri bin Juma, alipigana na Wajerumani katika vita vya 1888 hadi 1890. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mabega ya wapagazi hayakuhitajika tena, na bandari za namna hii zikalala usingizi.

Tulinunua kamba kwa wavuvi, tukawapika kwa nazi. Mayu aliwatazama kwanza kwa mashaka, akauliza kama ni panzi wa majini. Alikula sahani mbili.

Mwambao usio na wageni

Kaskazini ya Saadani barabara ilikuwa ya udongo mtupu. Wenyeji walituambia kwamba wakati wa mvua udongo mweusi hunasa magari hata siku mbili. Tulipita Mkwaja, ambako tangu miaka ya 1950 palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe. Ranchi hiyo ilifungwa mwaka 2000, na mbung'o ni miongoni mwa sababu. Sisi tuliotoka katika nchi ya ng'ombe na mapori ya miombo hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Sasa eneo hilo limeingizwa ndani ya hifadhi.

Kisha minazi, kisha mikoko, kisha vijiji vyenye nyumba za udongo na makuti. Kipumbwi tuliona majahazi yakipakia kwenda Unguja. Kwa saa nzima tunaweza kupishana na pikipiki mbili na baiskeli moja. Watoto walikimbia nyuma ya gari, na akina mama walitupungia mikono wakiwa wameinama wakiokota chaza, maji yakiwa yamekupwa.

Tulilala Ushongo. Jioni walinzi wa kasa walitueleza habari ambayo hatutaisahau. Mbele ya Ushongo kuna kisiwa cha mchanga kiitwacho Maziwe, kilichohifadhiwa tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa na mivinje, na kasa wengi walikuja kutaga huko. Miaka ya mwanzo ya 1980 miti ikaisha, mchanga ukaliwa na bahari, na sasa maji yakijaa sana kisiwa chote hufunikwa. Kasa bado huja, kwa sababu hurudi kutaga katika eneo walikoanguliwa. Hutaga mayai mia na zaidi, hufukia, na kurudi baharini. Mayai yakiachwa pale yatazama. Kwa hiyo wanakijiji huyachimbua kwa uangalifu, huyaleta bara kwa mashua, na kuyafukia tena katika mchanga mkavu. Baada ya miezi miwili hivi vitoto hutoka na kukimbilia maji.

Tuliposikia hayo tulinyamaza kidogo. Kisha Mayu akasema, "Basi huyo mama hakuwatupa watoto wake. Mahali alipowaacha ndipo palipoharibika." Hakuna aliyemjibu.

Mto ambao kivuko kililala

Asubuhi tulifika Bweni, ukingo wa kusini wa mto Pangani. Mji wa Pangani uko ng'ambo, karibu kiasi cha kusikia adhana na kengele ya shule, lakini katikati kuna maji. Magari na watu walivuka kwa kivuko cha serikali.

Tukiwa foleni tuliongea na mama mmoja muuza mihogo. Alitueleza kwamba uchungu wa mtoto wake wa tatu ulimshika usiku, kivuko kikiwa kimefunga kazi. Hospitali ya wilaya iko upande wa pili. Mumewe alimwamsha mwenye mtumbwi, wakampakia akiwa amekaa juu ya gunia, taa mkononi. Mtoto alizaliwa salama, akaitwa Bahati.

Katika mafunzo ya uuguzi tunafundishwa kwamba mama mzazi hufa kwa sababu ya kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule mto ni kuchelewa kwa aina ya pili. Kwetu Nzega hatuna mto wa namna hiyo, lakini tuna mbuga zinazojaa maji masika, na tuna vijiji ambako usiku hakuna gari. Kwa hiyo mama mjamzito, popote ulipo, panga mapema: nani atakupeleka, nauli iko wapi, nani atabaki na watoto, na kama unaishi mbali, utahamia kwa ndugu gani wiki mbili kabla ya siku zako. Usingoje uchungu ndipo uanze kutafuta mwenye mtumbwi.

Baada ya safari yetu, kazi ya kujenga barabara ya lami katika mwambao huu ilianza, pamoja na daraja kubwa la kuvuka mto Pangani. Tulipopata habari hizo tulimkumbuka Bahati na mama yake.

Mji wa Pangani wenyewe una mitaa myembamba, milango ya kuchongwa na majumba ya zamani yanayobomoka. Ulikuwa mji wa biashara ya pembe na watumwa. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, Desemba 1889. Na karibu na hapo, Kikogwe, ndipo mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipopandwa mwaka 1893. Daktari wa kilimo Richard Hindorf aliagiza vichipukizi kutoka Marekani, na vilivyofika hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo 62 yakatokea mashamba ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na Tanganyika ikaongoza duniani.

Tani hizo zilihitaji mikono, na mikono mingi ilitoka kwetu.

Kambini

Watu waliochukuliwa kwa mkataba kwenda mkongeni waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Walisafirishwa kwa treni na malori hadi mashambani. Huko walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30, na siku ambayo mtu hakumaliza idadi ya matita aliyopangiwa haikuhesabiwa.

Kati ya Pangani na Tanga tuliingia katika shamba moja la mkonge. Tuliwaona wakataji wakirudi na mapanga, mikono imejaa mikwaruzo ya miiba. Tuliomba kuonana na wazee wa kambi. Tulipelekwa kwa babu mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mwembe, akisuka kamba.

"Mwangaluka," Mayu alimsalimu.

Yule mzee aliacha kusuka. Alivua kofia. "Mwangaluka, mayu," akajibu, na sauti ikamkwama. Alikuwa mtu wa Puge, kijiji cha kwetu. Alikuja mwaka 1958 na alikuwa hajasikia salamu hiyo kwa mgeni kwa miaka mingi.

Mayu alitaja jina la baba yake. Mzee alifikiri sana. Alisema watu wa Nzega, Bukene na Puge walikuwa wengi, lakini kambini walijulikana kwa namba au kwa majina ya utani, na hakutaka kumdanganya mtoto wa mtu. Labda alimfahamu, labda hapana. Alitupeleka nyuma ya nyumba za wafanyakazi, mahali penye vichaka na miche ya mkonge iliyojiotea. Alisema hapo ndipo walipozikwa waliofariki wakiwa hawana ndugu. Hapakuwa na jiwe wala msalaba.

Mayu alimuuliza, "Kaka, kwa nini hawakurudi?"

Mzee alijibu polepole. Alisema wengine waliugua. Wengine walioa huku. "Lakini wengi, dada yangu, tuliona haya. Mkataba ulikwisha, nikahesabu fedha, nikaona hazitoshi hata shuka mbili. Nilisema nitakaa mkataba mmoja zaidi ili nirudi kama mwanaume. Ukaja mwingine. Halafu bei ya mkonge ikaanguka, tukakosa hata nauli. Nilimwacha mke na mtoto wa mwaka mmoja. Kila mwaka uliopita haya iliongezeka."

Kisha yeye ndiye aliyeuliza swali. Alitaja jina la mkewe. Alitaka kujua kama yu hai.

Hatukujua. Tuliahidi kuuliza. Mmoja wetu aliongoza sala fupi kwa ajili ya wote waliolala pale, wenye majina na wenye namba. Mayu hakulia. Alisema tu kwamba kwa miaka 63 alikuwa na jibu moja, na sasa ana majibu manne au matano, na yote ni mepesi kuliko lile la kwanza.

Kabla ya kuingia Tanga tulisimama Tongoni. Kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya thelathini ya mamia ya miaka iliyopita, yamejengwa kwa matumbawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Vasco da Gama alipita pwani hiyo mwaka 1498. Wenye mali wa zama zile bado wanajulikana walipolala. Mtu wa Nzega aliyefariki miaka ya 1960 hajulikani. Tofauti si muda. Tofauti ni kama kulikuwa na mtu wa kuandika jina.

Kwa mama anayetaka kwenda

Nendeni kati ya Juni na Oktoba, ardhi ikiwa kavu. Safarini msiwe chini ya watu wanne, na gari liwe la juu. Jazeni mafuta kabla ya kuiacha lami, na bebeni maji ya kunywa ya siku mbili. Chandarua ni lazima, kwa sababu malaria haijali kwamba mko mapumzikoni. Wenye shinikizo la damu au kisukari wasisahau dawa zao na wazigawe katika mifuko miwili. Bebeni fedha taslimu. Vaeni kwa heshima mnapopita vijijini, salimieni kwanza, na ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Watu wa mwambao huu ni wakarimu sana kwa mgeni anayejua kusalimia. Msiingie majini kabla ya kuuliza saa za kujaa na kupwa.

Tulichorudi nacho

Tuliporudi Nzega tulikwenda Puge. Mke wa yule mzee alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi iliyopita. Mtoto aliyeachwa na mwaka mmoja alikuwa mwanaume wa miaka zaidi ya 60, mwenye wajukuu. Tulimweleza na kumpa namba ya simu ya kijana wa kambini. Alitusikiliza, akatukaribisha maziwa, kisha akasema yeye hana baba. Tuliaga tukaondoka. Hatukuwa na haki ya kumlazimisha, kwa maana aliyelala njaa ni yeye.

Wiki tatu baadaye alikuja mwenyewe hospitalini, akamngoja mmoja wetu hadi zamu ikaisha. Alikuwa ameipoteza ile namba, akaiomba tena. Walichozungumza hatukuuliza.

Ndugu zetu akina mama, misafara haijaisha. Zamani walikwenda kwa pembe, baadaye kwa mkonge. Leo vijana wetu wanapanda basi kwenda Dar es Salaam kuuza nguo barabarani, na binti zetu kwenda kufanya kazi za ndani katika nyumba za watu tusiowajua. Wanaondoka na ahadi ya kutuma fedha. Fedha zisipopatikana wanaona haya, na haya huzaa kimya. Simu ipo, lakini haimsaidii anayeogopa kuulizwa amepata nini.

Kwa hiyo mwanao anapoondoka, andika anakokwenda, jina la mwenyeji wake na namba ya simu, na uandike pia jina la babu yake aliyetangulia. Mwambie kabla hajapanda basi kwamba mlango uko wazi hata akirudi mikono mitupu. Akipiga simu, muulize kwanza kama ni mzima. Na kama kuna mtu katika ukoo wenu ambaye jina lake hutajwa kwa hasira tu, waulize wazee, angali wapo, ni wapi hasa alikwenda na kwa njia gani. Sisi tumeiona hiyo njia. Ni siku mbili.